Kidoti Chekundu

Wivu wa Bwana Jicho haukuletwa na mwanamume mwingine. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu majirani walipomwona amepungua mwili na kuacha kucheka walianza kumtafuta huyo mwanamume, mpaka wakamshuku fundi wa friji wa mtaa wa pili, maskini ya Mungu, ambaye hakuwa na habari yoyote. Hapakuwa na mwanamume. Bwana Jicho aliionea wivu picha, na picha yenyewe ilipigwa na mke wake.

Walikuwa na studio ya picha, chumba kimoja kirefu kilichobanwa kati ya duka la dawa na fundi viatu. Mbele palikuwa na kaunta ya vioo, mashine ya kuchapa, na kioo cha ukutani chenye kitana kilichofungwa kwa kamba, maana vitana vya mwanzo viliondoka na wateja. Nyuma kulikuwa na pazia la bluu la picha za pasipoti, stuli, na taa mbili zenye miamvuli. Jina la Bwana Jicho alipewa na wateja hapo hapo, kwa ajili ya kanuni yake. Ukichungulia ndani ya kamera utaona kidoti chekundu kidogo. Popote utakapokiweka ndipo patakapotoka wazi, na kwingine kote patafifia. Bwana Jicho alikiweka mahali pamoja tu maisha yake yote: kwenye jicho la mtu, lile lililo karibu na kamera. Awe bibi harusi, awe mtoto mchanga, awe mzee aliyekuja kupiga ya kitambulisho huku amenuna, kidoti kilikwenda kwenye jicho la karibu.

"Jicho likiwa wazi, mtu yumo," alikuwa akisema. "Jicho likififia, umepiga nguo."

Kanuni hiyo hiyo ndiyo aliyomfundisha mke wake, pale msaidizi wake alipoacha kazi ghafla na msimu wa harusi umeshafika. Mkewe alikuwa mtu wa kaunta, wa kupokea oda na kukata picha za pasipoti kwa mkasi bila kupinda mstari. Bwana Jicho akampa kamera ya pili, akamwonyesha mwanga, akamwonyesha lenzi, akamshika mkono kama anayemfundisha mtoto kuandika. Aliringa naye sana siku zile. Akitambulisha watu harusini alisema, "Huyu ni mke wangu, na ni mwanafunzi wangu," akacheka peke yake.

Halafu ikaja harusi ya binti wa dereva wa lori. Kabla ya kutoka nyumbani, baba mtu aliitwa chumbani amfunge bintiye vifungo vya mgongoni, vile vidogo vya lulu ambavyo hata mwanamke mwenye kucha ndefu huvilaani. Bwana Jicho alikuwa nje na bwana harusi. Mkewe ndiye aliyekuwa chumbani. Jioni walipozifungua picha kwenye kompyuta, Bwana Jicho aliifikia moja akasimama.

"Hapa umekosea," alisema.

"Sikukosea."

"Kidoti umekiweka kwenye kucha!"

"Nimekiweka kwenye kucha, ndiyo."

Ilikuwa kucha ya kidole gumba cha baba, nyeusi, iliyopondwa zamani na gurudumu, imegandamizwa juu ya lulu nyeupe isiyozidi punje ya mchele. Kucha ilionekana mpaka ufa wake. Uso wa bibi harusi ulikuwa doa la rangi tu, na uso wa baba ulikuwa kama umepita mvuke. Bwana Jicho akacheka, akataka kuifuta. Mkewe akamwomba aiache.

"Sura zao wote wamezipanga," alisema. "Wanajua wanapigwa. Kile kidole ndicho hakikujua."

Bibi harusi alipokuja kuchagua picha, alizipitia zote kwa haraka, hii nzuri, hii nimefumba, hii nimenenepa. Alipoifikia ile ya kucha aliileta karibu na macho. Aliziba mdomo kwa kiganja, akalia kilio ambacho kilimtoa fundi viatu dukani kwake akaja kuuliza nani amekufa.

"Huyu ndiye baba yangu," alisema yule binti, akiwa ameshika picha ambayo uso wa babake haumo.

Aliagiza ichapwe kubwa kuliko zote, akaitundika sebuleni kwake, na kila mgeni aliyeketi pale aliuliza nani aliyeipiga. Tangu hapo wateja wakawa wanasukuma mlango wa studio, wanaangaza huku na huku, wanauliza:

"Mama yupo?"

"Mimi nipo," anajibu Bwana Jicho.

"Aa. Basi tutapita baadaye."

Ni maneno madogo, lakini yasikie kila siku, dukani kwako, chini ya kibao ulichokipaka rangi kwa mkono wako. Yalimwingia. Aliendelea kutabasamu kwa mdomo, na ndani roho ilimuuma kama jino. Mkewe akitoka kwenda sokoni, alifungua kompyuta akaitafuta ile picha ya kucha, akaikuza, akaipunguza, akatafuta kosa. Mwanga ulikuwa mzuri. Mstari haukupinda. Alitamani angalau awe ameikata vibaya pembeni. Akaifunga, na kesho yake akaifungua tena.

Akajaribu na yeye. Asikwambie mtu, hakuna kituko kama mtu mzima kuiga alichokifundisha. Katika harusi iliyofuata alikiweka kidoti kwenye viatu, kwenye glasi, kwenye kona ya meza. Bwana harusi, mwalimu wa hesabu asiye na utani hata kidogo, alikuja kuzitazama, akafika kwenye ile ambayo keki imetoka wazi mpaka chembe zake za sukari na yeye na mkewe ni vivuli viwili nyuma yake.

"Samahani," alisema yule mwalimu, "kwani aliyeoa ni nani, mimi au keki?"

Mkewe Bwana Jicho alikuwa kaunta. Aliinama kama anayeokota kitu chini, na mabega yakamtikisika. Alipoinuka uso wake ulikuwa mkavu na wa heshima. Bwana Jicho aliyaona mabega, na hakuyasahau. Angemsamehe kama angecheka waziwazi. Kumficha kicheko ndiko kulikomchoma, kwa sababu ndivyo mtu anavyomfanyia mgonjwa.

Na mke naye, tuseme kweli, hakuwa malaika. Sifa zilimnoga. Alianza kuimba chini kwa chini akikata pasipoti. Alianza kusema, "Mimi hapo ningekiweka kwenye mkoba," bila kuulizwa. Mumewe akipanga taa, yeye anainamisha kichwa upande kidogo, hasemi neno, na ule upande wa kichwa ulimtosha Bwana Jicho kukosa hamu ya kula.

Mambo yangeweza kuishia hapo, kwa kununiana na kununuliana soda. Lakini akaja Daktari.

Daktari alikuwa mwanamke mrefu mwenye haraka, mkuu wa hospitali ya wazazi. Walikuwa wanabomoa wodi ya zamani ya kujifungulia na kujenga mpya, na mlangoni mwa hiyo mpya walitaka picha moja kubwa ya mkunga aliyetumikia pale kuliko wote. Mkunga huyo alikuwa mama yake mzazi Bwana Jicho. Alikuwa ameshastaafu, magoti yanamsumbua, ulimi hausumbuliwi na kitu. Bwana Jicho aliposikia alinyooka mgongo. Alimwona mama yake mlangoni pale, mkubwa, jicho la karibu likiwa wazi, na chini yake maandishi kwamba picha imepigwa na mwanawe.

"Tumeshazungumza na mama," alisema Daktari, akimgeukia mkewe. "Anasema atapigwa na mkwe wake. Na mimi nimeiona ile ya dereva. Kesho asubuhi inawezekana? Kesho kutwa mafundi wanaanza kubomoa."

Bwana Jicho aliaga kama anakwenda kununua betri, akaenda moja kwa moja kwa mama yake.

"Mama, mimi nipo. Mtoto wako. Kazi yangu ni hii hii."

"Najua kazi yako," alisema mama, bila kuacha kuchambua mchele. "Kila ukinipiga natoka kama mtu anayetafutwa na polisi. Inua kidevu, fumbua macho, usipumue. Mkeo ananiacha nizungumze."

"Mama..."

"Wewe utakuja kushika ule ubao wenu mweupe wa kurudisha mwanga. Au una kazi nyingine?"

Alirudi kwa miguu, ingawa ni mbali. Moyo ulikuwa unamfuka. Mteja kumkimbia ni biashara, na biashara ina siku zake. Lakini mama! Aliyembeba! Mwanamke yule amechukua wateja, amechukua sifa, sasa amemchukua na mama. Ndivyo alivyowaza, na ukimwuliza leo atakana kwamba aliwaza hivyo, lakini aliwaza, na kwa maneno hayo hayo.

Mkewe alikuwa bafuni. Kamera yake ilikuwa mezani, imefutwa vumbi, betri imejaa, tayari kwa kesho.

Ndani kabisa ya kamera, mwisho wa mipangilio, mahali ambapo mwenye haraka hafiki, kuna namba inayolinganisha kidoti na lenzi. Ikikaa kwenye sifuri, viwili hivyo vinaelewana: ulipoweka kidoti ndipo lenzi inapoona. Ukiisogeza, kidoti kitakudanganya. Wewe utakiona kimetulia juu ya mkono wa mtu, na lenzi itakuwa imeona kilichoko hatua moja nyuma ya mkono huo. Kwenye kioo kidogo cha kamera hutagundua, kwa kuwa pale kila picha huonekana nzuri. Utagundua nyumbani, ukiikuza, na mtu wako amekuwa moshi. Bwana Jicho alikuwa amemwonyesha mkewe namba hiyo mara moja tu, akamwambia, "Hii usiiguse kamwe."

Akaigusa yeye. Akaisogeza mpaka ikagoma kusogea. Maji ya bafuni yalikuwa bado yanamwagika alipoirudisha kamera mezani, akaigeuza kama ilivyokuwa, kamba upande wa kushoto. Mpango wake ulikuwa mwepesi: atabeba na kamera yake mwenyewe, atapiga picha chache pembeni kwa upole, na zile za mkewe zitakapotoka moshi, yeye atasema, "Bahati nzuri na mimi nilipiga moja mbili." Wodi itakuwa imeshabomolewa. Hakuna wa kurudia. Daktari atashukuru. Mama atashukuru. Na mkewe pia atashukuru, hilo ndilo lililomtamanisha zaidi.

Asubuhi wodi ilikuwa tupu. Vitanda vilishaondolewa isipokuwa kimoja cha chuma, na kuta za kijani zilikuwa zinabanduka rangi kama ngozi iliyoungua na jua. Mwanga uliingia kwa dirisha la juu. Mkewe akamweka mama kwenye kiti karibu na kitanda, akasogea mbali kidogo, akapiga goti. Bwana Jicho akafungua mkoba wake.

"Hiyo ya nini?" aliuliza mama.

"Akiba tu, mama. Na mimi nipige moja mbili."

"Iweke chini. Wawili mtanipiga kama ngoma. Si uliambiwa ushike ubao?"

Mkewe akacheka, safari hii waziwazi, kicheko kizuri kisicho na ubaya. "Msikilize mama," alisema. "Njoo unirudishie mwanga."

Basi hapo mpango ukafa. Hakuna akiba. Kila picha itakayopigwa itakuwa moshi, na wodi itabomolewa, na mama hatakuwa mlangoni kwa mkono wa mtu yeyote. Bwana Jicho alilielewa hilo akiwa ameinama, mkono mmoja kwenye zipu ya mkoba. Angeweza kusema, ngoja kidogo, nahisi kamera hiyo ina kasoro, hebu niiangalie. Hata uongo ule ungetosha kuokoa siku. Akainuka, akaushika ule ubao mweupe, akasimama.

Mama alizungumza. Alieleza kuhusu mtoto aliyetanguliza miguu, siku ambayo umeme ulikatika na daktari yuko safarini, na akieleza, mikono yake ilifunguka mapajani ikashika kitu kisichokuwepo, vidole chini ya shingo isiyokuwepo, ikakizungusha taratibu. Mkewe alibonyeza, akabonyeza. Bwana Jicho alijua kidoti kiko wapi bila kuambiwa. Kilikuwa kwenye ile mikono, na yeye mwenyewe, akiwa amesimama pale na ubao, aliona kwamba ndiko kulikostahili, na kwamba hata angepewa mwaka mzima yeye angekiweka kwenye jicho.

Huo ndio uliokuwa wivu wenyewe, wa mwisho, usio na pa kujificha. Aliuona uzuri kabla haujawa picha, na akajua umeshakufa, na akanyamaza.

"Mwache na yeye aonekane," alisema mama mwishoni. "Asije akanuna njia nzima."

"Haya, simama nyuma ya mama," alisema mkewe. "Karibu, hatua moja tu. Ubao uweke kifuani. Mama, endelea, mtoto akafanyaje?"

Mikono ikainuka tena. Bwana Jicho akawa anamtazama mkewe juu ya kichwa cha mama, anamtazama na kungoja. Kamera ikalia.

Alasiri, studioni, mkewe alifunga mlango ili asisumbuliwe. Bwana Jicho alijifanya anasafisha mashine ya kuchapa. Alisikia kompyuta inafunguka, akasikia kiti kinasogezwa karibu, halafu hakusikia kitu.

"Njoo," alisema mkewe.

Uso wa mama ulikuwa moshi. Mikono ilikuwa moshi. Ukutani, hatua moja nyuma yake, magamba ya rangi ya kijani yalionekana moja moja, pamoja na msumari wenye kutu. Akafungua ya pili. Msumari. Ya tatu. Msumari.

"Hutokea," alisema Bwana Jicho. "Labda mkono ulitikisika. Hata mimi, nilipoanza..."

Mkewe alibonyeza kitufe kinachoifanya kompyuta ionyeshe kidoti kilipokuwa wakati wa kupiga. Kikatokea, chekundu, kidogo, juu ya kidole gumba cha mama. Akafungua nyingine. Juu ya kidole. Katika zote kidoti kilikuwa juu ya kidole, na zote zilififia pale pale kilipo. Akafikia ya mwisho.

Kidoti kilikuwa kwenye mikono ya mama, na mikono ilikuwa ukungu. Hatua moja nyuma yake, juu ya ubao mweupe, Bwana Jicho alikuwa wazi kuliko alivyowahi kuwa wazi. Vinyweleo vilionekana. Jasho lilionekana juu ya mdomo. Macho yote mawili yalimtazama mwenye kamera, na yalikuwa macho ya mtu aliyesimama pembeni ya shimo alilolichimba, anasikiliza nyayo zinakuja.

Mkewe aliitazama kwa muda. Kisha akaivuta kamera, akaingia kwenye mipangilio, akashuka mpaka mwisho, akaisoma namba. Hakupaza sauti.

"Hii uliniambia nisiiguse kamwe."

"Mke wangu..."

"Nyamaza. Sikuulizi. Nikikuuliza utanidanganya, halafu nitakuwa na mawili ya kukusamehe." Akairudisha namba kwenye sifuri. "Daktari nitampelekea hii ya mwisho."

"Usimpelekee hiyo! Ifute. Tutamwambia kadi imeharibika."

"Kwa nini niifute? Mbona umetoka vizuri. Mimi sijawahi kukuona hivi." Akaanza kulia, na akaendelea kuzungumza huku analia, kwa hasira. "Siku utakayoniambia mwenyewe, kwa mdomo wako, bila kuulizwa, nitarudi kwenye studio hii. Sasa naondoka na kamera yangu."

Nyumbani alipika, aliitikia salamu, alilala upande wake. Studioni hakukanyaga. Wateja walisukuma mlango, wakaangaza, wakauliza Mama yupo, na Bwana Jicho akasema hayupo, na wakatoka. Alikuwa amepata alichokitaka, studio nzima ikawa yake, kaunta, pazia na kitana. Kila jioni alipanga maneno njiani: leo namwambia. Akifika mlangoni anamwona mkewe anakunja nguo, na maneno yanakwama pale pale yalipokwama jana. Kusema nilikosea ni rahisi. Kusema nilikuonea wivu, mwanamume mzima, mwalimu wako, hilo lilikuwa zito kuliko kaunta.

Siku ya kutundika picha waliitwa wote. Wodi mpya ilinukia rangi. Daktari alimwomba Bwana Jicho apige wageni, akawa anazunguka na kamera yake shingoni, na mkewe amesimama na mama mkwe, mikono mitupu. Kitambaa kikavutwa. Ukuta mzima wa mlangoni ukawa ni uso wa Bwana Jicho, mkubwa kuliko mlango wenyewe, na mbele yake mama yake kama mvuke unaopita.

Watu wakapiga makofi. Daktari akasema alikuwa hajaona picha iliyofikiriwa hivyo. "Angalieni alipochagua kulenga," alisema. "Mkunga amefifia, na yule aliyezaliwa ndiye yuko wazi. Na mtazamo huo! Upendo mtupu."

Mama alikuwa anatafuta miwani kwenye mkoba. Akaivaa. Akaitazama picha, akamtazama mwanawe, akarudi kwenye picha.

"Upendo gani?" alisema, na kwa kuwa sikio lake moja halisikii vizuri alisema kwa sauti. "Uso huu mimi naujua. Alikuwa nao siku niliyomleta mdogo wake nyumbani. Nilitoka kuchota maji, narudi nakuta kichanga kiko nje ya mlango, juani, na huyu yuko dirishani anachungulia kama atapita mtu akichukue."

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Alilishika shati la mwanawe kwenye kiwiko, kama alivyomshika alipokuwa mdogo.

"Umemfanya nini mkeo?"

Bwana Jicho alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa anatazama sakafu mpya.

"Niliiharibu kamera yake," alisema. "Usiku wa kuamkia siku ile... hapana, jioni. Alikuwa anaoga. Niliisogeza ili picha zako zisitoke. Nilimwonea wivu, mama. Namwonea mpaka sasa."

Kicheko kikakatika. Mkewe aliinua macho, na Bwana Jicho akayasoma vizuri, maana macho ndiyo aliyosomea: amesema, ndiyo, lakini ameulizwa.

"Na wewe," mama alimgeukia mkwe wake, "ulikuwa umelenga wapi?"

"Mikono yako, mama."

Mama akaitazama mikono yake, upande huu na upande huu, kama amekabidhiwa kitu cha mtu mwingine. "Wodi haipo tena," alisema, "lakini mikono ninayo. Ipige sasa."

"Sikuja na kamera."

Bwana Jicho aliuvua mkanda shingoni. Ulimkwama kwenye sikio, akauvuta, akaivuka ile hatua iliyokuwa kati yao, akampa kamera yake kwa mikono miwili. Mkewe aliipokea. Mama alikuwa ameshakaa kwenye benchi na kuiweka mikono mapajani. Kabla ya kuiinua kamera, mkewe alifungua mipangilio, mbele ya mumewe na mbele ya watu wote, akashuka taratibu mpaka mwisho, akaisoma ile namba. Ilikuwa sifuri. Akatoka, akaingia tena, akaisoma mara ya pili.